Sura ya Nne: Sakafu Juu ya Lava

Vitabu vya ufugaji vinapofika kwenye habari ya matandazo huchukulia kwamba chini ya kuku kuna udongo. Goma udongo ni wa kutafuta. Piga sululu karibu popote kati ya Majengo na Mugunga, itagonga mwamba kabla hujatoka jasho. Mitaa mizima imekaa juu ya lava iliyoganda, nyingine ya enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, nyingine ya tarehe 17 Januari 2002, siku volkeno ya Nyiragongo ilipopasuka ubavuni na kuteremsha moto hadi katikati ya mji, ukafunika sehemu ya njia ya ndege, ukaugawa mji vipande viwili na kuingia ziwani. Watu walirudi na kujenga juu ya mwamba uleule: msingi wa mawe meusi, kuta za mbao, paa la mabati. Nyuma ya nyumba, palipobaki nafasi ya kugeukia, wakaweka kuku.

Kuku ni kiumbe wa kuparua. Mahali penye ardhi ya kawaida, udongo humfanyia kazi bila kulipwa: hunyonya majimaji ya kinyesi, huozesha kilichobaki, na kumpa mahali pa kuogea vumbi. Mwamba wa lava haufanyi hata moja. Kinyesi kinadidimia kwenye mipasuko pamoja na mvua, na huko fagio halifiki. Juu ya mwamba kuna ncha zinazokata. Jogoo akiruka kutoka kwenye fito na kutua vibaya, wayo unachanika, vijidudu vya stafilokoka vinaingia, na baada ya siku kadhaa unamwona anachechemea na uvimbe mgumu chini ya mguu. Wengi humlaumu muuza vifaranga. Wangeangalia sakafu kwanza.

Ndiyo maana nasema kwamba Goma matandazo si kitu cha kuongezea juu ya ardhi. Matandazo ndiyo ardhi yenyewe. Unainunua kwa gunia na kuileta nyumbani kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma. Ukikubali hilo, namna ya kuchagua inabadilika. Kuuliza tu kama kitu kinanyonya maji na kama kinakauka upesi hakutoshi. Uliza pia kitakuwa nini siku utakapokitoa bandani, kwa sababu katika mji usio na udongo, kinachotoka bandani kina thamani kuliko wafugaji wengi wanavyodhani. Nitalirudia jambo hili mbele.

Kwanza tujue matandazo yanabeba mzigo gani. Kuku mmoja wa mayai hutoa gramu mia moja na zaidi za kinyesi kibichi kwa siku, na karibu robo tatu ya uzito huo ni maji. Kuku kumi ni zaidi ya kilo moja kila siku, yaani kilo thelathini na ushei kwa mwezi. Maana yake ni kwamba kila mwezi unamwaga bidoni nzima ya maji juu ya sakafu ya banda, kidogokidogo, hata kama paa halivuji na chombo cha kunyweshea hakijapinduliwa. Matandazo yanayotoa maji hayo hewani yanafaa. Yanayoyafungia chini hayafai, hata yakigawiwa bure.

Kinyesi cha kuku kina asidi ya uriki, kile cheupe unachokiona juu yake. Bakteria wakipata unyevu huigeuza asidi hiyo kuwa amonia. Wataalamu wa mabanda huweka kikomo cha sehemu 25 za amonia kwa kila milioni moja ya hewa. Ikizidi hapo, vinyweleo vidogo vinavyosafisha koo na njia ya pumzi ya kuku hulemaa, macho yanaanza kutoa machozi, na ugonjwa wa Newcastle, ambao Watanzania huuita kideri au mdondo, unapata mlango wazi. Kwa hiyo matandazo mabovu hayaleti harufu tu. Yanaweza kukufanya uzike kundi zima kwa ugonjwa ambao kuku wenye mapafu mazima labda wangeupunguza makali, na chanjo ukaitupia lawama.

Pua ya mwenye kuku si kipimo kizuri, imeshazoea. Mwite jirani aingie bandani asubuhi, kabla mlango haujakaa wazi, kisha apige magoti. Amonia ni nyepesi kuliko hewa na hupanda, lakini inazaliwa sakafuni, na kifaranga anapumua sentimita kumi tu kutoka hapo. Kama jirani atakunja uso akiwa amepiga magoti, matandazo yako yamekwisha kazi.

Kuna hewa nyingine ambayo hakuna matandazo yanayoiweza. Magharibi ya mji, kuelekea Bulengo na Ziwa la Kijani, na sehemu za Himbi na Keshero karibu na ufuko, yapo mabonde madogo yenye mazuku: kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa mara moja na nusu, ambayo hulala bondeni usiku upepo unapotulia. Imeua mbuzi, mbwa, kuku, na watu pia. Haina rangi. Wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkeno cha Goma, kile ambacho mji wote unakiita OVG, wanayajua mabonde haya, na wenyeji wa mtaa huyajua vilevile. Ukihamia kiwanja kipya, uliza kabla ya kupigilia msumari wa kwanza, na usijenge banda shimoni kwa sababu tu shimo lina kivuli. Ukikuta panzi na mijusi wamekufa mahali pamoja asubuhi, ondoka hapo. Kuinua sakafu juu ya mawe ni jambo zuri kwa sababu nyingine, lakini usilitegemee kama kinga ya mazuku.

Sasa twende kwenye magunia.

Goma ni mji wa mbao. Nyumba ni za mbao, wigo ni wa mbao, hata chukudu inayobeba mzigo imechongwa kwa mti kuanzia usukani hadi magurudumu. Mji wa namna hiyo una karakana za maseremala kila upande, na chini ya kila meza ya randa kuna rundo la maranda. Kwa mfugaji wa nyuma ya nyumba hakuna kitu kingine kinachoshindana nayo kwa urahisi wa kupatikana. Maranda mazuri ni mapana, yamejikunja, ni makavu kiasi cha kulia ukiyafinya. Ile mikunjo hushika hewa katikati, unyevu unapata njia ya kutoka, na kuku anayaparua bila shida.

Unga wa msumeno ni kitu kingine kabisa, ijapokuwa fundi atakuuzia vyote viwili kwa jina moja kama hukuangalia. Unga unanyonya sana, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Ukilowa hushikamana na kuwa kigaga kigumu kinachofunika uchafu chini yake. Ukikauka hupeperuka kama vumbi na kuingia puani mwa ndege. Vifaranga wa siku za kwanza, ambao bado hawajui chakula ni kipi, huudonoa na kujaza firigisi. Kidogo ndani ya maranda si neno. Gunia zima la unga muachie anayetaka kuwashia moto.

Uliza mbao zilikuwa za mti gani na zilipakwa nini. Mkaratusi na msunobari havina tatizo. Mvule ni mti wa thamani, lakini vumbi lake hukera pua na ngozi ya fundi mwenyewe, sembuse kuku aliyefungiwa nalo. Mbao zilizopakwa oili chafu ya injini dhidi ya mchwa, na nguzo zilizolowekwa dawa ya shaba na aseniki, maranda yake yasivuke mlango wa ua wako: kuku hudonoa, dawa huishia kwenye yai, na baadaye kwenye mboga. Maongezi yenyewe ni mafupi.

“Fundi, hizi mbao umezipaka kitu?”

“Hapana, mama. Hizi ni mkaratusi mtupu. Zile za pembeni ndizo za oili.”

“Basi nijazie za huku tu. Na usinichotee pale mvua iliponyea.”

Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Rundo lililokaa nje ya karakana siku tatu za mvua lina ukungu ndani hata kama juu limekauka. Chomeka mkono katikati ya gunia na unuse. Harufu ya mti mbichi inavumilika, utayaanika. Harufu ya nguo iliyosahaulika ndani ya beseni ni ukungu, na ukungu wa aspagilasi ukiingia kwenye mapafu ya kifaranga hauna dawa ya kueleweka.

Kiasi gani? Banda la mita 2 kwa 2 linatosha kuku kumi na sita hivi wa mayai kwa raha. Mwenye tamaa ataweka ishirini. Kulitandika kwa kina cha sentimita 10 kunahitaji lita 400 za maranda yasiyoshindiliwa, ambayo ni magunia makubwa matatu au manne. Watu wengi hununua moja, wakatandaza vidole viwili, na wiki ya pili wakasema maranda hayafai.

Badala ya maranda kuna maganda ya kahawa. Uganda, nchi ya robusta inayokaushwa na tunda lake, maganda yamekuwa matandazo ya kuku kwa muda mrefu. Kahawa ya Kivu ni arabika ya kuoshwa, kwa hiyo ganda linalotoka kiwandani wakati wa kukoboa ni lile jembamba la manjano, kavu, lisilo na nyama ya tunda. Halinyonyi kama maranda, lakini haligandamani wala halishiki ukungu kirahisi, na ni jepesi kulibeba. Mimi hulipenda likichanganywa nusu kwa nusu na maranda. Kahawa ya Idjwi, Minova na Kalehe huvunwa kwa msimu, basi nalo hupatikana kwa msimu. Pumba za mpunga, ambazo mfugaji wa Mbeya au Mwea asingefikiria mara mbili kuzitandika, hapa zinatoka mbali, bonde la Ruzizi huko Uvira, na ukishalipa gari na boti unakuwa umenunua upepo. Mabua ya maharage na nyasi kavu ni ya bei ndogo, lakini yasipokatwakatwa vipande vya urefu wa kidole hulala kwa tabaka, maji yanabaki katikati, na kuku hana nguvu ya kuyageuza. Majani ya migomba yafaa kwenye viota vya kutagia tu. Magunzi ya mahindi sitayasema zaidi ya kwamba yanaoza kabla hujayazoea.

Hapa kuna jambo ambalo mshauri wa ufugaji kutoka nchi tulivu hawezi kulifikiria. Matandazo ya Goma hutegemea barabara. Ile ya Rutshuru ilikatika mwishoni mwa 2022, na mabua ya maharage yakawa hadithi. Februari 2024 vita vilifika Sake, barabara ya Masisi na Minova ikafungwa, na vitu vya Minova vikawa vinashukia bandari ya Kituku kwa boti. Mwisho wa Januari 2025 mji wenyewe ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Kila mara mbao zilipopungua, karakana zilinyamaza, na maranda yakapungua nazo. Kwa sababu hiyo simshauri mtu yeyote hapa kushikamana na aina moja. Weka magunia mawili ya akiba mahali pakavu, juu ya mbao, chini ya mabati, na uwazoeze kuku mchanganyiko. Matandazo ambayo unaweza kuyapata mwezi ujao pia ni bora kuliko yale bora ya mwezi huu.

Kuhusu mchanga nina maneno mawili. Marekani wapo wafugaji wa nyumbani wanaoapa kwa mchanga: wanauchekecha kila asubuhi, kinyesi kinabaki juu, banda linanukia hewa safi. Katika jangwa la Arizona naamini. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Usiku ni wa baridi, mvua huanza Septemba na, ukiondoa mapumziko mafupi ya Januari na Februari, haituachi hadi Mei. Mchanga uliolowa ndani ya banda hapa haukauki, unapoza miguu ya ndege usiku kucha, na gunia lake moja linamtoa jasho msukuma chukudu mara tano ya gunia la maranda. Zaidi ya yote, mchanga hauozi. Ukiutoa bandani umetoa mchanga mchafu, basi.

Uwanja wa kuku nje ya banda ni habari tofauti, na hapo lava inakuwa rafiki. Mwamba huu una vitundu na mipasuko. Mvua kubwa inanyesha na baada ya nusu saa hakuna dimbwi. Wenzetu wa Bukavu kwenye udongo mwekundu wangelipa fedha kupata hilo. Kosa ni kumwaga saruji uwanjani ili pawe safi: umeziba neema pekee ya mahali. Kinachotakiwa ni kuondoa makali. Vunja ncha kwa nyundo, jaza mashimo kwa mawe madogo ya wale mama wanaoponda kokoto kando ya njia, tandaza juu changarawe laini ya volkeno, ile nyepesi yenye vitundu, kwa kina cha kiganja kilichosimama. Juu ya hiyo weka kitu cha kuparua: vipande vikubwa vya magome na mabaki ya mbao, si maranda, kwa kuwa maranda yakinyeshewa siku mbili huwa uji. Chini ya ukingo wa paa, mahali matone ya mabati yanapopiga, acha kokoto tupu. Ukiweza kufunika hata theluthi ya uwanja kwa turubai au bati kuukuu, kuku watakushukuru kwa mayai masafi.

Ndani ya banda nasema kinyume: tabaka jembamba la saruji juu ya mawe, au mbao zilizoinuliwa, lina faida. Mipasuko ya lava ni makazi ya panya. Matandazo mazito yenye chakula kilichodondoka, juu ya mwamba wazi, ni karamu uliyowaandalia, na atakayekuja nyuma ya panya ni nyoka. Asiye na uwezo wa saruji atandike waya wa matundu madogo kabla ya kumwaga maranda.

Miaka ya 1940, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Ohio, Marekani, watafiti waliacha kubadilisha matandazo kila mara. Waliyaongeza juu ya ya zamani, wakayageuza, na yakakaa mwaka mzima na zaidi. Kuku wao hawakuharibika. Wengine walifanya vizuri kuliko wa sakafu mpya, na ilionekana kwamba ndani ya rundo lile bakteria walikuwa wanatengeneza lishe ambayo chakula cha ndege kilikosa. Sehemu kubwa ya siri hiyo ni vitamini B12, iliyokuja kutengwa mwaka 1948. Tangu hapo mfumo wa matandazo mazito umeenea duniani. Kwa Goma naona umekuja kama ulipimwa hapa: rundo linalooza polepole hutoa joto, na usiku wa hapa unalihitaji joto, halafu hutakiwi kununua sakafu mpya kila wiki mbili.

Ila mfumo huu si uvivu, kama baadhi ya watu wanavyoutafsiri. Anza na sentimita 10 hadi 15 za maranda makavu. Kila siku ya pili au ya tatu geuza kwa jembe dogo au reki, hasa chini ya fito za kulalia ambako karibu nusu ya kinyesi huanguka. Warushie punje chache za mahindi ndani yake, kuku watageuza kwa niaba yako. Ongeza gunia jipya pale yanapoanza kushikamana. Chombo cha maji kiinue hadi usawa wa mgongo wa ndege na kikae juu ya tundu la waya, kwa sababu nimeona mabanda mengi yakioza kutokana na bidoni iliyokatwa na kuwekwa chini kuliko kutokana na mvua.

Kipimo kiko mkononi. Chota kutoka katikati, si juu, ufumbate kwa nguvu, kisha ufungue. Yakishikana kidogo halafu yakavunjika ukiyagusa, unyevu uko kati ya asilimia 20 na 30, panapotakiwa. Yakibaki bonge, yana maji mengi, ongeza makavu na ufungue madirisha. Yakimwagika yote kama vumbi, yamekauka mno, na utasikia kuku wakipiga chafya. Unyevu huu ndio unaoamua pia habari ya koksidia, kuhara damu kwa vifaranga. Mayai ya kimelea hicho yakitoka na kinyesi hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji siku moja au mbili za unyevu, joto na hewa ili kukomaa. Matandazo makavu yanayogeuzwa huyanyima mengi yao nafasi hiyo, na machache yanayobaki humfundisha kifaranga kinga. Matandazo ya maji huyakomaza yote kwa pamoja.

Majivu yapo kila nyumba, kwa kuwa kila nyumba inapikia makala, yaani makaa. Yaweke kwenye beseni au boksi la mbao, changanya na changarawe laini na udongo ukiupata, liwe bafu la vumbi dhidi ya chawa, utitiri na viroboto. Usiyanyunyize juu ya matandazo kwa nia ya kuua harufu. Majivu, sawa na chokaa, hufanya rundo kuwa na alkali, na alkali huifukuza amonia itoke yote kwa mkupuo: kesho yake banda litakuchoma macho. Chokaa ina siku yake, pale sakafu inapokuwa tupu, imesafishwa, kundi limeuzwa na jipya halijaingia. Majivu ya mlima, yale yanayoanguka Nyamulagira inapokasirika, yaacheni. Yakiwa mapya yana asidi na floridi, na chembe zake ni kioo kilichosagika.

Vifaranga wanadai uangalifu wa peke yake. Siku mbili tatu za kwanza watandikie karatasi yenye mkwaruzo juu ya maranda, ili wajue chakula kwanza. Gazeti lililo laini linawatelezesha, miguu ikapanuka pande zote na isirudi. Kisha kuna mbabula, jiko la makala. Wengi wetu huwapasha joto kwa makala umeme unapokatika, na maranda makavu ndani ya banda la mbao lililoegemea nyumba ya mbao iliyoegemea nyumba ya jirani ni moto unaongoja cheche. Goma imeshaungua mitaa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Mbabula iwekwe ndani ya duara la mawe au karai la mchanga, imezungushiwa bati, mbali na matandazo, na juu kuwe na tundu la hewa, kwani makala hutoa kaboni monoksaidi inayoua bila harufu. Kwa wiki hizo chache kokoto laini kuzunguka mbabula na maranda kwa nje ndiyo namna ninayoiamini.

Sasa ile ahadi ya mwanzo. Baada ya mwaka wa kugeuza na kuongeza, rundo lililo chini ya kuku wako si maranda tena. Ni jeusi, linavunjika, lina harufu ya msitu. Maranda peke yake yana kaboni nyingi mno kwa mmea na kinyesi peke yake kina naitrojeni inayounguza mizizi. Kuku wamekuchanganyia viwili hivyo mwaka mzima. Hapa ndipo mchanga unaposhindwa na maranda na maganda ya kahawa yanaposhinda. Katika mji ambao mtu hupanda maharage kwenye ufa wa mwamba kwa kutafuta kiganja cha udongo, wewe umetengeneza udongo kwa magunia.

Usiutumie siku hiyohiyo. Urundike urefu wa mita moja, ulowanishe kidogo, uufunike. Katikati utapanda hadi nyuzijoto 55 na zaidi, joto linaloua salmonela na mbegu za magugu, mradi uupindue mara tatu nne ili kila sehemu ipite katikati. Baada ya miezi mitatu hivi umeiva. Kundi lililokufa kwa ugonjwa, matandazo yake yasikae nyumbani. Yafukiwe au yachomwe mbali na mabanda ya majirani. Yaliyo mazima jaza kwenye magunia, toboa ubavuni, panda lenga-lenga pembeni na vitunguu juu. Mama mwenye magunia manane hatakosa mboga, na wapo wakulima wa kabichi wanaokuja na chukudu kununua samadi ya kuku mlangoni.

Wakati wa kutoa ni Juni hadi mapema Agosti, kiangazi, ambapo matandazo mapya yanapatikana makavu na sakafu inapata siku mbili za jua. Rundo lililotolewa Juni linawahi msimu wa kupanda wa Septemba. Ukilazimika kutoa katikati ya mvua, usitoe yote: acha theluthi moja ya zamani, kavu kuliko nyingine, uitandaze chini ya mapya, kwa sababu bakteria waliomo ndio watakaoanza kazi, na kinachokwenda nje kiende chini ya turubai siku hiyohiyo, maana mvua ya usiku mmoja juu ya lava huipeleka samadi yote ziwani.